Sosi ya Saladi kwa Matunda ya Soko Letu: Jinsi ya Kuitengeneza Nyumbani kwa Usalama

Na Mwandishi Wetu

Saa kumi na moja jioni, zamu ya mchana inapofunga kazi katika viwanda vya Thika na magari ya abiria kujaa njia ya kuelekea Makongeni, Kiganjo na Ruiru, wauza matunda huanza kushusha bei. Nanasi limeiva hadi linanukia kutoka mbali, pasheni zimekunjamana ngozi na maembe yana madoadoa. Mnunuzi anayetafuta tunda la kupeleka kwa mgonjwa au la kuweka mezani kwa wageni huyapita. Usiku ukiingia, mengi huishia kwenye rundo la taka nyuma ya soko.

Matunda hayo hayo ndiyo yanayofaa zaidi kutengenezea sosi ya kumwagia saladi na kachumbari. Yana utamu wake, ukali wake na harufu yake, na kazi yote huchukua muda usiozidi dakika kumi. Huhitaji mashine ya kusagia wala siki ya dukani. Unachohitaji ni tunda, mafuta kidogo ya maji, chumvi kidogo, kisu safi, chujio na chupa yenye kifuniko.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mkazi anapaswa kulijua kabla ya kushika kisu. Saladi ni chakula kisichopitia motoni. Sosi nzuri huifanya familia ile mboga mbichi kwa wingi, na hilo ni jema, lakini mboga hizo zikiwa hazikuoshwa vizuri, familia itakula uchafu kwa wingi vilevile. Kwa sababu hiyo makala haya yanaeleza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kutengeneza sosi, na namna ya kuhakikisha sahani utakayoimwagia ni salama.

Kwa nini kaunti inazungumzia saladi

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka huduma za afya za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti, na miongoni mwazo ni kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Masoko pia ni jukumu la kaunti. Afisa wa afya ya umma anayekagua kibanda cha chipsi na kachumbari yake anatekeleza kazi hiyo.

Wakazi wa Kiambu wanakumbuka Oktoba 2022, wakati mlipuko wa kipindupindu ulipotangazwa nchini na kaunti yetu ikawa miongoni mwa zile za kwanza kutajwa. Kipindupindu na homa ya matumbo huenea kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi cha binadamu. Kachumbari iliyokatwa kwa mikono michafu au kuoshwa kwa maji yasiyotibiwa ni njia rahisi sana ya ugonjwa kuingia nyumbani.

Kwa upande mwingine, kuogopa mboga mbichi hadi kuziacha kabisa pia ni hasara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Wengi wetu hatufikii kiasi hicho. Mfanyakazi anayekula ugali na kijiko cha sukuma wiki mchana, kisha chai na mkate usiku, yuko mbali nacho. Bakuli la kabeji na karoti lenye sosi tamu ni njia ya bei nafuu ya kukikaribia.

Sosi ya matunda inavyofanya kazi mwilini

Kuna sababu tatu za kuipendelea sosi ya aina hii.

Ya kwanza ni madini ya chuma. Mboga za majani kama sukuma wiki, terere na managu zina madini hayo, lakini mwili huyafyonza kwa shida yanapotoka kwenye mimea. Vitamini C iliyomo katika ndimu, pasheni, nanasi na embe husaidia mwili kuyafyonza vizuri zaidi. Hili ni muhimu hasa kwa mama mjamzito na kwa wasichana walioanza hedhi, ambao huhitaji damu ya kutosha. Hata mboga ulizopika zitafaidika ukizimwagia sosi kidogo. Ila zitoe kwanza kwenye moto, kwa kuwa joto huharibu vitamini C.

Ya pili ni mafuta. Rangi ya machungwa ya karoti na embe hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, lakini rangi hiyo huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Karoti iliyokwaruzwa na kuliwa kavu hutoa faida ndogo kuliko ile iliyomwagiwa sosi yenye mafuta kidogo.

Ya tatu ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Kiasi hicho kinajumuisha chumvi iliyomo tayari kwenye mkate, soseji, sosi za chupa na viungo vya mchuzi vya pakiti. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Ukali wa tunda chachu huamsha ladha ya chakula, kwa hivyo ulimi hauidai chumvi kama kawaida. Robo ya kijiko cha chai hutosha sosi ya watu wanne.

Kanuni moja ya kukumbuka

Kila sosi ya saladi ina sehemu mbili, kitu kikali na mafuta. Ndimu na limau ni kali sana, hivyo kijiko 1 cha ndimu huhitaji vijiko 2 au 3 vya mafuta. Pasheni, nanasi na embe ni pole zaidi, hivyo huchanganywa na mafuta kwa kipimo sawa, na unaweza hata kupunguza mafuta. Tunda likiwa tamu sana, ongeza ndimu. Likiwa kali mno, ongeza chembe ya sukari au asali. Onja kila unapoongeza kitu.

Mafuta na maji ya matunda hayachanganyiki yenyewe. Ukiyaacha, mafuta huelea juu. Ukitikisa chupa kwa nguvu kwa nusu dakika, mafuta huvunjika kuwa matone madogo na sosi inakuwa nzito kidogo. Baadaye itajitenga tena, na hiyo si dalili ya kuharibika. Tikisa upya kabla ya kumwaga. Nyama laini ya embe husaidia matone hayo kubaki yametawanyika kwa muda mrefu, na kijiko kidogo cha haradali hufanya vivyo hivyo.

Tumia mafuta ya maji kama ya alizeti au ya mahindi. Mafuta ya kuganda hayafai, kwa sababu yataganda juu ya kabeji baridi. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au samaki pia hayafai.

Si lazima utafute vitu kutoka mbali. Mafuta ya kupikia husindikwa papa hapa Thika katika kiwanda cha Bidco. Mashamba ya mananasi ya Del Monte yanaonekana ukiwa barabarani unapotoka mjini, na wakulima wadogo wa Gatundu Kaskazini hulima mananasi pia. Maparachichi huja kutoka kwa jirani zetu wa Murang'a, na maembe hutoka Makueni, Machakos na sehemu za chini za Murang'a.

Kwanza, usafi

Fanya hatua hizi kabla ya kukata chochote.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ulinawa ulipoingia nyumbani.

2. Tumia maji salama. Maji ya kisima, ya mkokoteni au ya tangi usilojua linasafishwa lini yachemshe hadi yatokote, kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukipenda, yatibu kwa dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa, ukifuata kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa.

3. Osha tunda likiwa zima, hata kama hutakula ganda lake. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu la nanasi hubeba uchafu hadi ndani. Sugua ganda kwa brashi au kwa mkono.

4. Tenga majani ya kabeji na uoshe moja moja. Jani la nje litupe. Karoti ipare, nyanya na tango uzisugue.

5. Ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi au kuku visiguse saladi kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto.

Wapo wanaoamini kwamba ndimu huua vijidudu vyote, hivyo ukiikamulia kachumbari hakuna haja ya kuosha sana. Hilo si kweli. Ukali wa ndimu hupunguza baadhi ya vijidudu, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya maji safi na mikono safi. Sosi huwekwa juu ya saladi iliyokwisha kuwa salama.

Sosi ya pasheni

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na hutosha watu wanne.

– Pasheni 5 au 6 zilizoiva
– Vijiko 4 vya mezani vya mafuta ya maji
– Robo ya kijiko cha chai cha chumvi
– Kijiko 1 cha chai cha sukari au asali
– Pilipili manga kidogo

Chagua pasheni zilizokunjamana lakini nzito mkononi, kwa kuwa hizo ndizo tamu. Kata, kamua rojo kwenye chujio na uisugue kwa kijiko hadi mbegu zibaki kavu. Unatafuta vijiko 4 vya mezani vya juisi. Tia juisi, chumvi na sukari kwenye chupa, tikisa hadi sukari iyeyuke, kisha ongeza mafuta na pilipili manga na utikise tena. Inafaa sana juu ya kabeji iliyokatwa nyembamba na karoti.

Sosi ya nanasi na tangawizi

– Kipande cha nanasi lililoiva, unene wa vidole viwili
– Kijiko 1 cha mezani cha maji ya ndimu
– Vijiko 3 vya mezani vya mafuta
– Kipande kidogo cha tangawizi
– Robo ya kijiko cha chai cha chumvi
– Dania iliyokatwakatwa, na pilipili mbichi ukipenda

Menya nanasi na ulikwaruze kwa kile kifaa cha kukwaruzia karoti, juu ya bakuli ili juisi isipotee. Kwaruza na tangawizi. Changanya na vitu vingine vyote kisha utikise. Ukipenda sosi laini, ichuje kabla ya kuongeza dania.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho hukatakata protini. Ndicho kinachofanya ulimi uwashe ukila nanasi jingi. Ukichanganya nanasi bichi na mala au mtindi, baada ya muda mchanganyiko hulegea na kuwa mchungu. Ukitaka sosi ya nanasi na mala, chemsha nanasi lililokwaruzwa kwa dakika 5, liache lipoe kabisa, ndipo uchanganye. Joto huzima kimeng'enya hicho.

Sosi ya embe

– Nusu ya embe kubwa lililoiva
– Vijiko 2 vya mezani vya maji ya ndimu
– Vijiko 2 vya mezani vya mafuta
– Robo ya kijiko cha chai cha chumvi
– Bizari nyembamba kidogo, iliyokaangwa kavu na kusagwa
– Maji safi ya kulainisha

Ponda embe kwa uma hadi liwe rojo, lisukume kwenye chujio ili kuondoa nyuzi, kisha changanya na vitu vingine. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja hadi sosi iweze kumwagika. Sosi hii haijitengi haraka, na watoto huipenda juu ya tango na karoti.

Kama mafuta yamekwisha nyumbani, tumia parachichi, au ovakado kama wengi wanavyoliita. Lina mafuta yake lenyewe. Ponda nusu ya parachichi kwa juisi ya pasheni au maji ya ndimu, tia chumvi, na utapata sosi nzito bila tone la mafuta ya dukani.

Tunda lililoiva sana na tunda lililooza

Kununua matunda ya jioni ni akiba, lakini kuna mpaka. Tunda laini, lenye ngozi iliyokunjamana au madoa ya kahawia juu juu, linafaa. Tunda lenye ukungu, linalotoa povu, linalonuka kama pombe au lililopasuka na kuvuja halifai. Kukata sehemu yenye ukungu na kutumia iliyobaki si salama kwa matunda laini, kwa sababu ukungu hupenya ndani kabla ya kuonekana. Usinunue pia nanasi au tikiti lililokwisha kukatwa na kuachwa wazi kando ya barabara ili utengenezee sosi. Nunua tunda zima.

Chombo cha kuwekea

Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini. Tunda chachu likikaa humo kwa saa nyingi huila alumini, na sosi hupata ladha ya chuma. Kuchemsha nanasi kwa dakika tano hakuna tatizo, lakini usiihifadhi sosi ndani ya sufuria. Tumia chupa ya kioo, kama ile ya jamu, iliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka.

Katika eneo la viwanda kama letu, onyo hili lina uzito wa pekee. Mitungi na chupa za plastiki zilizotumika viwandani huuzwa kwa bei ya chini. Chombo kilichobeba rangi, dawa ya kilimo, sabuni ya viwandani au mafuta ya mashine hakifai kuwekwa chakula, hata ukikiosha mara kumi. Plastiki hunyonya kemikali na kuiachia polepole, hasa ikikutana na mafuta na asidi, na sosi yetu ina vyote viwili.

Sosi hukaa muda gani

Sosi ya dukani hukaa miezi kwa sababu imesindikwa na kuwekewa vihifadhi. Ya nyumbani haina kinga hiyo.

Asiye na friji atengeneze sosi ya mlo mmoja tu, na itakayobaki aimwage. Mwenye friji inayopoza vizuri, chini ya nyuzi 5, anaweza kuiweka siku 3 ikiwa imefunikwa. Ukiweka kitunguu saumu kibichi, kuwa mwangalifu zaidi. Kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta na kuachwa kabatini kinaweza kukuza bakteria wanaotoa sumu hatari ya botulini, bila harufu wala dalili yoyote ya kukutahadharisha. Kitie siku ile ile ya kula.

Wafanyakazi wanaobeba chakula kazini wazingatie kanuni ya saa mbili: chakula kinachoharibika haraka kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Saladi iliyokatwa saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa saba mchana imepita muda huo mara tatu. Ni heri kubeba karoti na nyanya nzima zilizooshwa na kukaushwa, ukazikate wakati wa kula kwa kisu safi na kuzikamulia ndimu. Sosi na saladi kamili ziwe za chakula cha jioni nyumbani.

Nani awe mwangalifu

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, hata ikiwa ndani ya sosi. Mwenye kisukari aache sukari na asali na ategemee utamu wa tunda. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia aanze kwa kiasi kidogo, kwani ukali unaweza kumsumbua. Mtu yeyote anayeharisha maji maji mfululizo baada ya kula, hasa mtoto, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti yaani ORS na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Ukitaka kuuza

Sosi nzuri huvutia majirani, na wengine watauliza bei. Kutengeneza kwa ajili ya familia hakuhitaji kibali. Kuuza ni jambo jingine. Sheria inamtaka anayeshughulikia chakula cha umma awe na cheti cha uchunguzi wa afya, na mahali pa kutengenezea pakaguliwe na kupewa leseni. Bidhaa iliyofungwa kwenye chupa na kuwekewa lebo inahitaji pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Usisubiri hadi mzigo ukamatwe. Fika kwanza katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako, iwe Thika au Ruiru, uelezwe hatua za kufuata kabla ya kununua chupa na lebo.

Kwa leo, anza na pasheni sita na nusu ya kabeji. Chemsha maji kwanza yapoe, osha majani moja moja, ndipo ukamue sosi. Mkifurahia, kesho jaribu nanasi.